Anza Mlangoni pa Jikoni



Mvua kubwa ikinyesha, toka nje uyatazame maji yanayopita shambani mwako. Yakiwa mekundu, ujue hayo si maji tu. Ni shamba lako linakwenda mtoni, pamoja na samadi uliyoitia na mbolea uliyoinunua kwa fedha.

Mpango wa Ekari Milioni ulipoanza mwaka 1962, wazee wetu walipimiwa mashamba. Leo mengi yamegawiwa watoto, na wajukuu wanangoja zamu yao. Ardhi haiongezeki. Shauri langu ni hili: kwanza tuutunze udongo tulio nao, ndipo tufikirie mengine.

Siku hizi watu husifu kilimo kiitwacho pamakalcha, maana yake kilimo cha kudumu. Waaustralia wawili, Bill Mollison na David Holmgren, walikieleza katika kitabu chao cha mwaka 1978. Jina ni geni, lakini kazi si ngeni: kuzuia maji yasikimbie, kufunika udongo, kuchanganya mimea, na kurudisha shambani kilichotoka shambani. Kosa la wengi ni kutaka kugeuza shamba zima kwa siku moja. Hao huchoka kabla ya mavuno.

Wewe anza mlangoni pa jikoni, mahali unapopita kila siku. Panda sukuma wiki, managu, terere na vitunguu. Ukipita utamwona mdudu mapema, na gugu utaling'oa likiwa dogo. Maji ya kuoshea vyombo yasimwagwe njiani. Chimba shimo, litie maganda ya jikoni, upande migomba kandokando yake. Mabua na majani makavu usiyachome moto. Mengine yatandaze juu ya udongo. Mengine yapange pamoja na majani mabichi, samadi na majivu kidogo, uyanyunyizie maji, na uyageuze baada ya majuma matatu. Baada ya miezi mitatu hivi utapata mbolea nzuri bila kwenda dukani.

Bustani hiyo ikikushinda, shamba zima litakushinda zaidi. Ikistawi, basi nenda mtelemkoni.

Hapo kazi si yako peke yako tena, kwa sababu maji hayajui mpaka. Ukichimba mtaro na jirani wa juu asichimbe, mvua moja itaujaza mtaro wako udongo wake. Chimbeni fanya juu, kama watu wa Machakos. Pimeni usawa kwa miti mitatu iliyofungwa kwa umbo la A, yenye uzi na jiwe katikati. Mtaro uwe wa futi 2 kwenda chini na futi 2 upana. Udongo utupeni upande wa juu, na juu ya tuta pandeni nyasi za nepia. Nyasi hizo hushika udongo na kulisha ng'ombe.

Huenda mzee mmoja akasema, “Matuta? Hayo tulichimbishwa na wakoloni!” Ni kweli, mzee wangu. Mwaka 1947 watu wa Murang'a walikutana wakaamua kwamba wanawake wasichimbe tena matuta ya kulazimishwa, na walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini ubaya ulikuwa katika amri, haukuwa katika tuta. Wakamba nao walilazimishwa. Baadaye wakachimba kwa hiari yao, kwa vikundi vyao vya mwethya, leo kwako, kesho kwangu. Kwa njia hiyo vilima vingi vya Machakos vilipata matuta.

Basi usingoje Bwana Shamba aje kukusukuma. Juma hili tengeneza bustani ya mlangoni. Kisha waite jirani wa juu na jirani wa chini, mtembee pamoja mtelemkoni kabla mvua haijaanza, mkubaliane mtaanza kwa nani. Aanze wa juu kabisa, maana maji yanatoka kwake. Kidole kimoja hakivunji chawa.