Mkono Uliopooza Usifungwe Kanga

Huku kwetu Kibiti na katika vijiji vya delta ya Rufiji, mtu akiamka asubuhi mdomo umekwenda upande na mkono hauinuki, wengi husema amepigwa na upepo. Hutafutwa mganga kwanza. Siku zikipita ndipo hupakiwa kwenye mashua aletwe hospitali. Hatumlaumu mtu, safari ya delta ni ngumu, na maji yakipwa chombo hakipiti.

Ugonjwa huo ni kiharusi. Mshipa wa damu ubongoni huziba au hupasuka, na sehemu ya ubongo ikikosa damu hufa. Chanzo kikubwa ni shinikizo la damu lisilotibiwa. Uchunguzi wa mwaka 2003 hadi 2006 ulionyesha kuwa, umri ukisawazishwa, kila mwaka kiharusi kiliwapata watu kama 109 kati ya 100,000 wilayani Hai, na 316 Dar es Salaam.

Leo tunataka kuusemea mkono. Upande wa kushoto wa ubongo huendesha mkono wa kulia, na wa kulia huendesha wa kushoto, kwani nyuzi za fahamu hupishana chini ya ubongo kabla ya kuteremka katika uti wa mgongo. Basi mkono uliopooza haukuugua wenyewe. Amri ndiyo haifiki.

Sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki. Lakini sehemu zilizobaki hai zaweza kujifunza baadhi ya kazi zake, mradi mkono utumike mara nyingi, kila siku. Usipotumika, ubongo huzoea kuishi bila huo. Huko Marekani, jaribio lililotangazwa mwaka 2006 liliwavalisha wagonjwa glovu nene kwenye mkono mzima, ili mkono dhaifu ulazimike kufanya kazi. Walikuwa na miezi 3 hadi 9 tangu kuugua, na vidole vyao viliweza kunyooka kidogo. Walipata nafuu kuliko wenzao wasiofanya hivyo.

Sasa tutazame nyumbani kwetu. Tulimpokea mzee mmoja mvuvi, mkono umefungwa kanga kifuani tangu augue. Wanawe walimlisha, walimwogesha, walimvika shati. Walifanya kwa upendo, nasi wauguzi tulikuwa tumewaruhusu wagonjwa wengi kabla yake bila kuwaeleza jamaa neno juu ya mkono. Kosa hilo ni letu. Tulipoufungua, vidole viwili vilitikisika. Tukampa kikombe kitupu, kisha kipande cha wavu. Hakurudi kuvua, ila alikwenda nyumbani akijilisha mwenyewe.

Kwa maoni yetu, kumfanyia mgonjwa kila kitu ni kumnyima dawa. Mwacheni ashike kijiko, afute meza, achambue mchele, hata akichukua saa nzima. Mkono usiotikisika kabisa unyoosheni taratibu na kuuegemeza juu ya mto. Msimwinue kwa kumvuta mkono huo, bega litateguka. Nasi wauguzi tusimruhusu mgonjwa kabla jamaa hawajaonyeshwa mazoezi haya.

Na wewe usiyeugua, kapime presha. Ukipewa vidonge, usiache kwa sababu unajisikia vizuri. Dalili zikitokea, usingoje kesho: chombo cha kwanza kitakachopita, panda.