Kidonge kisichoyeyuka hakiponyi

Mfanyabiashara anayevusha dawa Namanga, Busia au Rusumo hutazama mambo mawili kabla ya kulipia mzigo: kama boksi halijafunguliwa na kama tarehe ya mwisho wa matumizi haijapita. Hayo ni ya lazima, lakini hayatoshi.

Kidonge hakiponyi kwa kumezwa tu. Lazima kivunjike tumboni, dawa iliyomo iyeyuke, ndipo ipenye utumbo na kuingia kwenye damu. Isipoyeyuka, mgonjwa hafaidiki hata kama kiasi kilichoandikwa kwenye boksi kimo chote.

Ndiyo sababu maabara hupima uyeyukaji. Kwa kawaida vidonge sita huwekwa, kila kimoja katika chombo chake chenye kimiminika kama mililita 900, kwenye joto la mwili la nyuzi 37, huku kasia dogo likizunguka mara 50 au 75 kwa dakika. Baada ya muda uliowekwa, mathalani dakika 30, mpimaji huchota sampuli na kuangalia ni asilimia ngapi ya dawa imeyeyuka.

Maabara hata hivyo si tumbo. Kwa dawa nyingi za jenerika, watu wenye afya waliojitolea humeza kidonge kipya na kile cha kampuni iliyoanzisha dawa hiyo, kwa nyakati tofauti, kisha damu yao hupimwa mara kwa mara. Uwiano wa viwango hivyo vya dawa hutakiwa kuwa ndani ya asilimia 80 hadi 125. Kwa baadhi ya dawa zinazoyeyuka upesi, wadhibiti hukubali kipimo cha maabara peke yake.

Hili si jambo la vitabuni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti waliopima dawa za malaria zilizouzwa Dar es Salaam walikuta vidonge vya SP vyenye kiasi sahihi cha dawa lakini visivyoyeyuka inavyotakiwa. SP ndiyo wanayopewa hadi leo wajawazito kuwakinga na malaria.

Joto na unyevu navyo vinaweza kupunguza uyeyukaji bila kidonge kubadilika sura. Mzigo uliokaa siku tatu juani kwenye foleni ya malori unaweza kuharibika, na macho ya mnunuzi yasione lolote.

Kwa hiyo tunawashauri wafanyabiashara wanunue kwa wenye leseni tu, wadai nyaraka za usajili, wasihamishie vidonge kwenye mifuko, na wasipakie dawa juu ya basi au karibu na injini.

Serikali nazo zina deni. Tangu mwaka 2012 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mpango wa kuoanisha udhibiti wa dawa, na wataalamu wa nchi wanachama hukaa pamoja kutathmini maombi. Hata hivyo kila nchi bado husajili kivyake. Kipimo kilichokubaliwa na wataalamu wa pamoja hakipaswi kuanza upya kila mzigo unapofika kwenye mpaka mwingine, maana gharama ya kusubiri hulipwa na mfanyabiashara, kisha na mgonjwa.

Hatuombi milango ifunguliwe kwa dawa zisizo na nyaraka. Tunaomba dawa iliyothibitishwa ipite haraka, kabla jua la mpakani halijaiharibu.