Kiendeshi Kipi? Istilahi za Kiswahili Mbele ya Skrini Iliyogoma

Wapenzi wa Kiswahili wamezoea kupima maendeleo ya lugha hii kwa wingi wa istilahi zake. Panapotajwa teknolojia, wasemaji kongamanoni hawakosi kukumbusha kwamba tarakilishi imepigania nafasi yake dhidi ya ngamizi na kompyuta, kwamba kipakatalishi kina mzizi wake katika kitendo cha kupakata, na kwamba mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu ya ofisini ya Jambo OpenOffice ambayo menyu zake zilisema Kiswahili. Hayo yote ni ya kujivunia. Hata hivyo, kuna kipimo kingine ambacho ni nadra kutajwa katika vikao hivyo: je, mtu ambaye kifaa chake kimemgomea anaweza kukinusuru kwa kusoma maelezo ya Kiswahili pekee?

Chukua mfano wa mwanafunzi anayekamilisha tasnifu yake kwenye kishikwambi kinachotumia mfumo wa Windows, kile cha kubandikwa kibodi. Usiku mmoja, baada ya mfumo kujisasisha, skrini inaanza kupepesa. Inakuwa nyeusi kwa sekunde chache, kisha inarudi ikiwa na ujumbe wa Kiingereza. Rafiki anayemwandikia kwa simu anamfasiria ujumbe huo kwa nia njema kabisa: kiendeshi kimeacha kuitikia. Neno ni la Kiswahili, limeundwa kwa kufuata kanuni zote za uambishaji, na hakuna mwalimu wa mofolojia atakayelitilia doa. Lakini mwanafunzi huyo amewahi kusoma mahali pengine kuhusu kiendeshi cha diski, na hapo ndipo tasnifu yake ilipo. Anachoelewa ni kwamba mahali palipohifadhiwa kazi ya miaka miwili panakufa. Asubuhi yuko dirishani kwa fundi wa Luthuli Avenue akiulizia bei ya kuokoa data, ilhali data yake ni nzima na haikuguswa na lolote. Akikutana na fundi mwaminifu, atacheka na kurudi nyumbani. Akikutana na mwingine, kifaa kitafutwa chote na kuwekewa mfumo upya, na hapo ile hofu iliyozaliwa na neno moja itakuwa imetimia kwa mkono wa mtu.

Chanzo cha utata huu ni rahisi kukionyesha. Kiingereza hutenganisha kifaa cha kuhifadhia data na programu ya kuendeshea chipu kwa herufi moja tu mwishoni mwa neno. Waundaji wa istilahi wa Kiswahili, kila mmoja akishughulikia neno lake kwa wakati wake, waliufuata mzizi wa Kiingereza, wakaufikia mzizi wa -endesha, wakapata kiendeshi mara mbili. Herufi ile iliyotenganisha maana ilibaki ng'ambo. Kosa hapa si la mtu mmoja wala la chombo kimoja. Ni kosa la utaratibu, kwa sababu orodha ya istilahi hupangwa kwa alfabeti na kila neno hukaguliwa likiwa peke yake, halipelekwi kwenye meza ya kazi likaonekana likikaa na jirani zake.

Lau waundaji hao wangeanza na kazi ya kitu badala ya jina lake la kigeni, huenda wangefika kwingine. Programu inayozungumziwa haiendeshi chochote kwa maana ya dereva na gari. Kazi yake ni ukalimani. Mfumo wa tarakilishi hausemi lugha ya chipu ya michoro, na chipu za makampuni mbalimbali hazisemi lugha moja. Mfumo unapotaka dirisha lifunguliwe au picha isogezwe, hutoa amri kwa lugha ya jumla, na programu hiyo huifasiri amri kwa lugha ya chipu iliyomo ndani ya kifaa. Mkalimani akiwa mgonjwa, wazungumzaji wote wawili wanaweza kuwa wazima kabisa na mazungumzo yakavunjika. Mwanafunzi yeyote wa isimu akielezwa hivi atashika jambo hili mara moja, na hata tatizo la kutumia toleo lisilofaa litamwingia akilini, maana ni sawa na kumleta mkalimani wa lahaja nyingine.

Je, basi neno kiendeshi litupwe, liundwe kifasiri? Pendekezo hilo linavutia, ila lina walakini wake. Katika taaluma ya tarakilishi kuna programu nyingine ambazo kazi yake ni kufasiri lugha za uprogramu, nazo zitalidai jina hilo hilo. Utata utakuwa umehamishwa chumba tu. Isitoshe, neno lililokwisha kuenea halifutwi kwa azimio la mkutano. Njia nyepesi zaidi ni ya matumizi: kiendeshi kisiandikwe kamwe kikiwa uchi. Kiandikwe kiendeshi cha michoro, kiendeshi cha sauti, kiendeshi cha kamera. Nayo diski iitwe diski, jina ambalo kila mtu analijua. Kanuni hii haihitaji kamusi mpya. Inahitaji nidhamu ya waandishi.

Nidhamu hiyo haipatikani kwa kuorodhesha maneno. Hupatikana kwa kuandika matini ambayo mtu ataifuata hatua kwa hatua huku kifaa kikiwa mkononi, kwa sababu matini ya aina hiyo haisamehe neno tata. Maelezo ya tatizo la mwanafunzi huyu, kwa mfano, yangeanza kwa kumtuliza. Tangu Windows Vista, iliyofika sokoni mwaka wa 2007, mfumo huisubiri chipu ya michoro kwa muda maalumu, ambao kwa kawaida ni sekunde 2. Isipojibu, mfumo humwamsha upya mkalimani bila kuzima kifaa. Ule weusi wa sekunde chache ndio uamsho wenyewe. Ukitokea mara moja, hauna uzito. Ukirudiarudia, sababu yaweza kuwa kiendeshi cha michoro, joto lililozidi, au chipu yenyewe.

Kisha yangempa jambo la kufanya. Kwenye kishikwambi cha Windows 10 au 11 kisicho na kibodi, bonyeza kwa pamoja kitufe cha kuongeza sauti na cha kupunguza sauti, mara 3 ndani ya sekunde 2. Palipo na kibodi, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na herufi B. Ukisikia mlio mfupi na skrini ikafifia au kupepesa, mfumo ungali hai nao umejaribu kuirudisha picha. Hatua hii haifungi faili iliyo wazi, na kwa mtu mwenye tasnifu ambayo hajaihifadhi, sentensi hiyo moja ina thamani kuliko faharasa nzima.

Baada ya hapo inafuata kazi ya kubainisha, na hapa ndipo mantiki ya mwandishi hupimwa. Mistari au madoa yakionekana hata kabla Windows haijaanza kupakiwa, kwenye ukurasa ule wa mipangilio ya awali ya kifaa, kiendeshi cha michoro hakiwezi kulaumiwa, kwa kuwa wakati huo hakijaanza kazi. Kasoro ikionekana kwenye kioo cha kishikwambi lakini isionekane kwenye skrini ya nje iliyounganishwa kwa waya, kioo au waya wake wa ndani ndio washukiwa. Kinyume chake, maandishi yakiwa makubwa kupita kiasi, picha zikiwa na ukungu na mwangaza ukikataa kurekebishwa, yaelekea kwamba kiendeshi halisi hakipo na Windows inatumia kile cha msingi inachokuja nacho kwa ajili ya dharura. Kwenye orodha ya vifaa vya mfumo, namba 28 itathibitisha kwamba kiendeshi hakijasakinishwa, ilhali namba 43 inamaanisha kwamba Windows imekisimamisha kifaa baada ya chenyewe kuripoti hitilafu. Mtu aliyefika hapa amekwisha kujua kama anahitaji fundi wa vioo au anahitaji kifurushi cha intaneti tu.

Tiba yenyewe si ndefu. Kama tatizo lilianza baada ya sasisho, kiendeshi kirudishwe kwenye toleo la awali kupitia orodha hiyo hiyo ya vifaa; kitufe cha kurudisha kikiwa kimefifia, ni kwa sababu hakuna toleo la zamani lililohifadhiwa, na litafutwe kwa mtengenezaji wa kishikwambi. Jina la mtengenezaji wa kishikwambi lina uzito hapa. Aghalabu yeye huirekebisha kazi ya mtengenezaji wa chipu ili ilingane na kioo na betri ya kifaa chake, na kwa miaka mingi kisakinishi cha Intel kilikataa kuendelea kilipokuta kiendeshi kilichorekebishwa hivyo, hadi kampuni hiyo ilipolegeza sharti hilo mwaka wa 2020. Programu zinazojitangaza kwamba zitasasisha viendeshi vyote kwa mbofyo mmoja ziepukwe. Kwa upande wa vishikwambi vya Android, maelezo ni mafupi zaidi: kwa kawaida kiendeshi cha michoro huja ndani ya mfumo wenyewe, mtumiaji hana mlango wa kukibadilisha, na lililo mikononi mwake ni kusasisha mfumo au kukiwasha kifaa katika hali salama ili ajue kama kuna programu ngeni inayoleta vurugu.

Maelezo haya yote yameandikika kwa Kiswahili bila kukopa fungu zima la maneno ya kigeni. Panapohitajika neno jipya, mara nyingi maelezo ya vitenzi vitatu vinne yanatosha. Ni kweli wapo watakaouliza faida yake iko wapi, maadamu mafundi wenyewe husema draiva na kuendelea na kazi. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Fundi anajua kitu hicho kwa vidole vyake. Kwake draiva ni jina la kitu alichokwisha kukiona kikiharibika mara mia. Asiyejua ni mwenye kifaa, naye hawezi kuuliza swali la busara dirishani kwa sababu hana lugha ya kuelezea alichokiona. Ataambiwa kioo kimekufa, atalipia kioo. Mtu huyo huyo angekuwa na sentensi moja tu, kwamba kasoro haionekani kabla Windows kupakiwa, mazungumzo yangebadilika na bei pengine ingebadilika pia.

Aidha, wanaohitaji lugha hiyo si wasomi wa vyuo peke yao. Tangu 2016, kupitia mpango wa serikali ya Kenya wa ujuzi wa kidijitali, vishikwambi vilianza kufikishwa katika shule za msingi za umma kwa ajili ya wanafunzi wa darasa la kwanza. Katika shule iliyo mbali na mji, mwalimu wa darasa ndiye fundi wa kwanza, apende asipende. Kila kifaa kinachowekwa kabatini kwa sababu skrini yake imekataa kuwaka, bila mtu kujaribu hata vile vitufe, ni mtoto mmoja anayemchungulia mwenzake begani.

Wanafunzi wa Kiswahili hawawezi kujitetea kwamba kazi hii haiwahusu. Uandishi wa kiuamilifu hufundishwa tangu shule ya upili, na maelekezo ni sehemu yake. Shida ni kwamba maelekezo yanayotungwa darasani huwa ya kupika chapati au ya kufika nyumbani kwa mjomba, na mtungaji hupewa alama pasi na mtu yeyote kujaribu kuyafuata. Chuoni nako, tasnifu za istilahi hukusanya maneno mia mbili, zikapima kukubalika kwake kwa hojaji. Mhojiwa anaulizwa kama anapenda neno kiendeshi, naye anajibu kwamba analipenda. Hakuna aliyempa kishikwambi kibovu akamtazama akisoma.

Chama cha Kiswahili chenye wanachama thelathini hakishindwi na jambo hili. Watu wawili wakae na fundi mmoja alasiri mbili, waandike ukurasa mmoja juu ya hitilafu moja, kisha wampe mtu asiyejua lolote, wakae kimya. Pale atakapoinua kichwa na kuuliza "kiendeshi kipi?", mstari huo uandikwe upya kabla ya kwenda mstari wa pili. Na juu ya ukurasa huo uandikwe mwezi, mwaka na toleo la mfumo, maana maelezo sahihi ya kabla ya 2020 kuhusu kisakinishi cha Intel humpotosha anayeyafuata leo, na maelezo ya zamani yasiyo na tarehe hayatofautiani kwa sura na maelezo mapya.