Jina lako kwenye liste: nani analichunga?

Kila mara vita vinaposogea, watu wetu wa Kivu na Ituri wanaandikishwa: jina, kijiji, namba ya simu, watoto wangapi. Liste ile haibaki mu daftari ya mkubwa wa kambi. Inaenda kulala mu serveri, pengine mbali sana.

Ndiyo maana yaliyopata Msalaba Mwekundu wa kimataifa, CICR, yanatuhusu. Tarehe 9 Novemba 2021 wezi waliingia mu serveri zake; waligunduliwa nyuma ya siku 70. Humo mulikuwa habari za watu zaidi ya 515.000, wengi wao waliotengana na jamaa zao. Mlango? Programu ileile ya kuhakikisha neno la siri la mtumiaji. Dawa ya tundu lake ilikwisha kutolewa tangu Septemba, ila haikuwekwa kwa wakati.

CICR angalau ilisema wazi. Mtu anayekimbia kundi la silaha hawezi kubadilisha jina na kijiji chake kama anavyobadilisha neno la siri. Basi anayekuja kukuandika, umuulize: liste inalindwa wapi? Nani ana ruhusa ya kuifungua? Na akiacha kazi, ruhusa yake inakatwa siku gani?