UFUNDI KWA VIJANA: Pima mwanga juu ya sura, si juu ya nguo

Safari hii tunaongea na vijana wanaopiga picha kwenye ndoa, batizo na matanga, na pia na wazazi wanaowalipa. Kila kijana anatafuta kujua aparei gani ni nzuri kununua. Sisi tunaona swali lingine linatangulia: hiyo uliyo nayo sasa, inapima mwanga wapi?

Munajua vile inakuwa siku picha za ndoa zinaletwa nyumbani. Nguo ya bibi arusi imetoka muzuri, kila ua linaonekana. Kostime ya bwana arusi ni sawa. Lakini mama anasogeza picha kwenye dirisha, anatafuta: "Sura ya mutoto yangu iko wapi? Njo uyu?" Macho hayaonekani, ni giza tu chini ya shela. Na ndoa hairudiliwi juu ya picha. Kijana anasema aparei yake ni ya zamani. Apana. Aparei ilifanya kazi yake. Hakuna aliyeiambia nani ni wa maana pale mbele.

Ndani ya kila aparei muna kipimo cha mwanga. Kipimo hiki hakijui mutu wala nguo. Kinaona tu mwanga unaorudi, na kimefundishwa jambo moja: kila kitu kinachowekwa mbele yake kitoke na kijivu cha katikati, kile kinachorudisha mwanga karibu 18 kwa mia. Jaza picha na nguo nyeupe, kitawaza mwanga umezidi, kitaupunguza. Nguo inakuwa kama majivu, na sura iliyokuwa nyeusi tangu mwanzo inazama kabisa. Jaza picha na ukuta mweusi, kitafanya kinyume: kitaongeza mwanga mpaka ukuta uwe kijivu, na shati jeupe la mutu anayesimama pale litapotea.

Aparei nyingi za leo zinakuachia njia tatu. Ya kwanza inapima picha nzima: inaigawa vipande, inalinganisha, kiisha inachagua. Nikon FA ya mwaka 1983 ndiyo ilileta njia hii, na leo karibu kila aparei inatoka dukani ikiwa imewekwa hapo. Ya pili inapima picha nzima pia, lakini inasikiliza zaidi sehemu ya katikati. Ya tatu ni ya nukta: inachukua kipande kidogo tu, kati ya 1 na 5 kwa mia ya picha, na mengine yote inayaacha. Ni kama bunga sokoni. Unaweza kuchota meka moja kutoka mufuko muzima uliochanganywa, ao kutia vidole mahali pamoja na kuonja pale tu. Alama zake si sawa kwenye kila aparei, lakini ile yenye nukta moja peke yake ndani ya kisanduku ni ya nukta.

Kwa picha za kila siku njia ya kwanza inatosha. Korali imesimama kwenye kivuli cha kanisa, mwanga ni sawa kwa wote: acha aparei ipime picha nzima, wewe angalia kama wote wamefungua macho. Hatuoni sababu ya kujisumbua pale.

Shida inaanza wakati mweupe mwingi na mweusi mwingi wanakutana, na ndoa zetu ni hivyo kila Jumamosi. Fanya hivi. Mbele ya misa kuanza, weka njia ya nukta. Elekeza nukta kwenye shavu la bibi arusi, upande wenye mwanga, si kwenye paji linalong'aa jasho. Funga kipimo hicho: kwenye Canon ni kifungo chenye alama ya nyota, kwenye Nikon ni AE-L. Kiisha panga picha yako na upige. Angalisho moja: kwenye Canon nyingi nukta inabaki katikati hata kama unalenga macho pembeni, kwenye Nikon nyingi inafuata pale unapolenga.

Bado kuna jambo, na hapa wengi wanakosea. Ukipima ngozi nyeusi na kuacha hivyo, aparei itaivuta mpaka ile kijivu ya katikati. Bibi arusi atatoka mweupe kuliko alivyo, na nguo yake itaungua, maua hayataonekana tena. Kwa hiyo rudisha: kwenye kifungo cha + na −, punguza hatua moja. Kwa ngozi nyeusi sana, hata moja na nusu. Kwa ngozi ya maji ya kunde, nusu inaweza kutosha. Hatua moja maana yake ni nusu ya mwanga. Ukitaka kuhakikisha, pima pia nguo nyeupe iliyo katika mwanga uleule na uongeze hatua moja na nusu. Kama vipimo viwili vinakaribiana, uko salama. Kama vinaachana mbali, mwanga unaoanguka kwenye sura si ule wa kwenye nguo. Omba bibi arusi ageuke kidogo kwenye dirisha.

Ao wanatoka kanisani, wako kwenye mulango na jua liko nyuma yao. Pima sura, ukubali kwamba uwanja utatoka mweupe. Hakuna atakayelia juu ya uwanja.

Jua la saa sita ni jambo lingine. Hapa Lubumbashi, mwisho wa mwezi wa kumi na tena katikati ya mwezi wa pili, jua linapita juu ya kichwa kabisa. Macho yanakuwa mashimo mawili. Kwa shida hiyo hakuna kipimo kinachosaidia, si cha nukta, si cha picha nzima. Peleka watu kwenye ukingo wa kivuli cha muembe, ao chini ya manjanja ya baraza, watazame nje.

Tusiwaze lakini kwamba kosa lilikuwa la wapiga picha siku zote. Katika wakati wa filme, maduka mengi ya kusafisha picha yalisawazisha rangi kwa kadi ya Kodak yenye sura ya mwanamuke muzungu, iliitwa Shirley. Sura yake ikitoka muzuri, mashini iko sawa. Sura zetu zilipimwa kwa yeye. Na wanaotajwa kwamba malalamiko yao yalisaidia kubadilisha filme, katika miaka ya 1970 na 1980, walikuwa watengenezaji wa shokola na wa meza za mbao, ambao rangi za bidhaa zao hazikutoka vema!

Sababu hiyo tunawaomba vijana wa Katanga wasiiachie mashini kazi hii. Sammy Baloji, muzaliwa wa Lubumbashi, katika kazi yake Mémoire ya mwaka 2006, alikata watu kutoka picha za zamani za Union Minière na kuwaweka mbele ya viwanda vilivyokufa vya Gécamines. Ukisimama mbele ya picha hizo, wale wafanyakazi wanakuangalia. Leo ni wewe unayepiga baba akitoka kazini na kofia ya taa. Taa ikielekea kwako, kipimo cha picha nzima kinadanganyika, na sura inakuwa usiku. Mwambie ainamishe taa kidogo, pima shavu. (Na ndani ya kiwanda ao karibu na shimo, omba ruhusa mbele ya kutoa aparei.)

Mulima mweusi wa Gécamines, ule wa masalio ya tanuru lililoanza kutoa shaba katika 1911, pima picha nzima kisha punguza hatua moja. Kama sivyo, utatoka kama majivu, na anga itapotea.

Kwa wale wenye simu tu: weka kidole kwenye sura, si kwenye nguo. Kwenye simu nyingi, alama ya jua itatokea. Ishushe kidogo mpaka ngozi ifanane na mutu unayemuona mbele yako. Ukikaza kidole, simu nyingi zinafunga kipimo, hakibadiliki hata mutu akisogea.

Juma hili, simamisha ndugu yako mwenye shati jeupe kwenye kivuli cha lupango, umupige kwa njia zote tatu, uandike namba za kila picha kwenye kikaratasi. Kiisha umusimamishe kwenye mulango, jua nyuma yake, urudilie. Mwezi ujao tutaongea juu ya flashi.