Mzee Kauliza: Hivi Sola Inazaa?

Saita! Hiyo ni salamu ya Kiiraqw, usije ukasema nimekutukana. Nyie wa Sinza na Kariakoo mnaolalama umeme ukikatika nusu saa, leo tupande basi hadi kwetu Hirbadaw, wilayani Hanang, mkoa wa Manyara. Huko maboma yametawanyika, na nguzo ya umeme haifuati kila mtu hadi kilimani kwake.

Mimi nasomea elektroniki Chuo cha Ufundi Arusha, kile kilichofunguliwa mwaka 1978. Starehe zangu ni mpira, Bongofleva na kufungua chochote chenye skrubu. Washikaji wa hosteli wananiita Bisibisi. Poa tu, maana bisibisi hiyo ndiyo itanipa mshiko.

Dili langu ni kibanda cha kuchaji na kutengeneza simu. Usicheke! Tangu M-Pesa iingie Tanzania mwaka 2008, simu ya mfugaji ni benki yake. Ikizima siku ya mnada, hela ya mbuzi imefungiwa ndani.

Sasa twende kwenye hesabu. Paneli ya wati 100 ikipata jua la nguvu saa 5, inakupa wati-saa 500. Theluthi hivi inapotea kwenye joto, waya na betri, unabaki na kama 330. Smatifoni yenye betri kubwa inakula 22 hivi, kwa hiyo unachaji 15 tu, basi. Lakini viswaswadu, vile vya tochi, unachaji 60 na zaidi! Ukitoza bei moja kwa wote, mwenye kiswaswadu anamlipia mwenye smatifoni, na wewe unaambulia vumbi. Kwangu bei zitakuwa mbili, anune anayenuna.

Tatizo ni mtaji. Nilimwomba mzee auze mtamba mmoja. Akanitazama weee, kisha akauliza, "Mwanangu, ng'ombe anazaa. Hiyo sola yako inazaa?"

Jamani, nilikosa jibu. Na mzee hajakosea. Paneli inadumu miaka mingi, ila betri ya asidi ukiikamua chini ya nusu kila siku, inakufa mapema. Ng'ombe anaacha ndama, betri inaacha deni. Tuseme umeinunua sh. 240,000 na itadumu miaka miwili: kila mwezi sh. 10,000 si yako, ni ya betri ijayo. Ukizinywea soda, umekula ndama.

Kuna njia nyingine. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 4 kati ya hizo ni za vijana. Ila unakopa na kikundi, na ukishapata wenzako watano, mmoja lazima awe na mipango ya pikipiki!

Mama naye katupia lake: "Na masika, mawingu yakikaa wiki nzima?" Hapo ndipo bisibisi inapoingia. Jua likigoma, natengeneza vioo na spika.

Mzee bado hajasema ndiyo. Kasema nimwandikie hesabu zote, hadi ya betri, tuzungumze likizo. Mtamba yuko zizini, anacheua tu.

Na wewe mwenye ndoto ya saluni au juisi, jiulize leo: betri yako ni ipi, na unaiwekea shilingi ngapi? Wiki ijayo, panapo majaliwa!