Je, ni vema kukata jiwe la mbinguni?

Mara kwa mara mawe huanguka toka juu, nasi twayaita vimondo. Mengi ni mawe kweli. Machache ni chuma kilichochanganyika na nikeli. Kimondo cha chuma hakipendezi kwa nje: ni cheusi, au chekundu kwa kutu, nacho ni kizito kuliko jiwe lo lote la ukubwa wake. Uzuri wake umo ndani, wala hauonekani ila kwa kukikata.

Basi watu hubishana. Wengine husema: kukata kitu cha namna hii ni kukiharibu. Wengine hujibu: kisipokatwa ni bubu, nacho kina faida gani? Mimi nasema kikatwe, lakini mara moja tu, na kipande kiwe kidogo.

Sikilizeni kwanza kazi yenyewe. Fundi hukata kipande chembamba kwa msumeno, polepole, akimwaga maji ili chuma kisipate moto. Kisha hukisugua kwa msasa mnene, halafu kwa msasa laini, halafu laini zaidi, mpaka king'ae kama kioo. Wakati huo hakuna cho chote cha kuona ila uso wako mwenyewe! Ndipo huchukua asidi ya nitriki kidogo iliyochanganywa na alkoli, akakipaka kwa brashi. Baada ya dakika chache tazameni: milia inatokea, mipana na myembamba, inapitana huku na huku kama ukindu wa mkeka. Husafisha kipande kwa maji, hukikausha vizuri, hukipaka mafuta kisishike kutu. Asidi hiyo huunguza ngozi, na mvuke wake hudhuru mapafu. Si kazi ya watoto.

Milia yatoka wapi? Asidi haiichori. Ndani ya chuma kile mna sehemu mbili zilizosukwa pamoja: moja ina nikeli kidogo, nyingine ina nikeli nyingi. Ile yenye nikeli kidogo huliwa upesi na asidi, ikabonyea. Ile nyingine hustahimili, ikabaki juu iking'aa. Sehemu hizo zilitengana zamani sana, chuma kilipokuwa kikipoa ndani ya sayari ndogo zilizovunjika baadaye. Kilipoa polepole mno: kushuka digrii moja tu kulichukua miaka mia, pengine hata miaka elfu kumi. Hakuna mhunzi wala kiwanda kiwezacho kungoja hivyo. Kwa hiyo milia hiyo haiigiki. Na mahali inapoonekana, tunajua chuma kile kimetoka mbinguni.

Milia hiyo huitwa kwa jina la Alois von Widmanstätten wa Vienna, katika Austria. Mwaka 1808 alipasha moto kipande cha kimondo kilichoanguka Kroatia mwaka 1751, akaona milia ikipata rangi mbalimbali. Lakini Mwingereza mmoja aliyekaa Naples, jina lake William Thomson, alikuwa amekwisha kuiona kwa asidi na kuitangaza kwa maandishi mwaka 1804. Widmanstätten hakuandika kitu. Hata hivyo jina limebaki lake! Mimi naona Thomson amedhulumiwa.

Mwenzake Widmanstätten, Carl von Schreibers, alifanya jambo ambalo nalisifu zaidi. Alipaka wino juu ya kipande kilichokwisha kuliwa na asidi, akakikandamiza juu ya karatasi. Kimondo kikajipiga chapa chenyewe! Mwaka 1820 alitoa kitabu chenye picha hizo, na watu wengi wakaisoma milia ile bila kukata kipande kingine. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa. Mara nyingi milia hufuata mpango mmoja katika kimondo kizima: ukisoma kipande kimoja vizuri, umekwisha kujua mengi ya kile kilichobaki. Ya nini kukata cha pili, na cha kumi, na cha mia?

Tazameni Namibia. Huko, upande wa Gibeon, viliangukia vimondo vingi vya chuma. Msafiri James Alexander aliandika mwaka 1838 kwamba wenyeji walifua vyombo na silaha kwa chuma hicho. Chuma kikiwa chekundu motoni na kupigwa nyundo, milia hupindika, na moto ukizidi, hufutika kabisa. Lakini mtu mwenye kuhitaji chombo cha kazi simlaumu. Siku hizi vimondo vya Gibeon hukatwa vipande vipande, hutiwa asidi, hufanywa pete na nyuso za saa za mkononi. Chombo cha kazi hakipo hapo, wala elimu mpya. Hapo nalaumu.

Katika Namibia hiyohiyo kuna Hoba, kimondo kikubwa kuliko vyote vijulikanavyo, chapata tani 60. Kilionekana mwaka 1920. Wageni walikuwa wakikimegamega ili wapate ukumbusho, hata mwaka 1955 kikawekwa chini ya ulinzi wa serikali. Tena nikeli yake ni nyingi mno, kadiri ya 16 kwa mia, na kwa sababu hiyo asidi haitoi milia ile ya mkeka. Waliokimega walipata chuma kitupu.

Huko Mbozi katika Tanzania, kuna kimondo kingine chenye urefu wa metri tatu hivi na uzito wa tani 16 hivi. Wenyeji walikijua zamani; wageni walipata habari zake mwaka 1930. Nacho kilikatwa kwa msumeno, kipande kimoja kidogo ukingoni, kwa ajili ya kuchunguzwa. Pengo lake laonekana mpaka leo. Chuma chote kilichobaki kiko palepale kilipoanguka, na mtu ye yote aweza kwenda kukigusa.